Randa ya Baba Ilipokwenda Maua

Baba yangu alikuwa fundi wa mbao Nchiru tangu kabla Nchiru haijawa mji wa wanafunzi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, karibu na zizi la ng'ombe. Chuo kilipokua na watu wakaanza kujenga hosteli hata mahali walipokuwa wakipanda maharagwe, kazi yake iligeuka kuwa vitanda. Vitanda vyembamba vya mbao laini, vya kupigwa misumari haraka. Alivitengeneza kwa sababu vilitulisha, lakini hakuvipenda. Alichopenda ni milango. Mlango, alisema, unashikwa kila siku na kila mtu, na ukiwa mbaya kila mtu anajua.

Tulikuwa watoto wawili. Kaka yangu, mkubwa wangu, alichukia vumbi la mbao na alichukia zaidi kungoja gundi ikauke. Alipomaliza shule akahamia Maua kufanya biashara ya miraa, na huko mambo yakamwendea vizuri. Mimi nilibaki karakanani. Hakuna aliyenipangia kazi hiyo. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni naingia pale kwa sababu kulikuwa na joto na Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku moja akanipa patasi na jiwe la kunolea.

Mwanzoni hakunifundisha kukata wala kupiga msumari. Alinifundisha kunoa tu, na nilinoa muhula mzima kabla sijaruhusiwa kugusa ubao. Sehemu ya nyuma ya patasi kwanza, mpaka ilale kwenye jiwe bila kucheza, kisha mshazari wa mbele, kwa mkono usiotikisika. Watu wengi wanaonoa nyumbani wanasugua upande mmoja tu, halafu wanashangaa kwa nini patasi inatafuna badala ya kukata. Kuijaribu hakuhitaji kidole. Chukua kipande cha mbao ya saiprasi, kata pale mwisho ambapo nyuzi za mti zinakutazama. Ikiacha uso laini, umemaliza. Ikiponda na kuacha ungaunga, rudi kwenye jiwe. Baba alikuwa na kovu refu kwenye kiganja cha kushoto, la patasi butu aliyoisukuma kwa nguvu zake zote ikateleza. Alinionyesha kovu hilo mara moja tu, sikuhitaji kuonyeshwa tena.

Nilikuja kuajiriwa ofisini mjini Embu, nikapanga nyumba mtaa wa Majimbo, na maisha yangu yakahamia huko. Nilikuwa nikirudi nyumbani wikendi moja moja. Baba alipopooza upande mmoja wa mwili, nilianza kurudi kila wiki. Hakuweza tena kusimama kwenye benchi la kazi, lakini nikifika tu, kabla ya salamu kuisha, alikuwa akiniuliza kwa ule mdomo uliopinda, "Umepaka mafuta?"

Alimaanisha vifaa. Ukungu wa Nchiru unaingia kila mahali, na chuma kikikaa pale wiki mbili bila kufutwa kinaanza kuota madoa ya kahawia. Nilikuwa naingia karakanani na kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Si mafuta ya kupikia, maana hayo yanaganda na kunata kama ulimbo, na si oili chafu ya gari, maana inahamia kwenye mbao na vanishi haitashika hapo maisha. Nilifuta misumeno, patasi zote, keekee, na mwisho randa.

Randa hiyo aliinunua akiwa kijana. Ilikuwa ya chuma kizito, na mshikio wake wa mbao ulikuwa umelika kwa umbo la kiganja chake. Mkono wangu ni mdogo kuliko wake, lakini ulikuwa umeuzoea ule mshikio, na nilipoisukuma kwenye mbao ilitoa unyoya mwembamba wa mbao unaopitisha mwanga.

Jioni moja nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, Mama akimlisha uji, alisema, "Hizi vitu ni zako. Nani mwingine ataziweza?"

Mama alimpangusa mdomo. Alisikia. Ninalisema hili kwa sababu baadaye ilionekana kana kwamba maneno hayo yalisemwa chumba kikiwa na mimi peke yangu.

Baba alifariki, tukamzika, na baada ya wageni kupungua ukoo uliketi sebuleni kuzungumza mambo ya nyumbani. Baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa baba yangu, ndiye aliyeongoza kikao. Waliongea kuhusu ng'ombe, wakaongea kuhusu majani chai, wakafika kwenye sanduku la vifaa.

"Vyombo vya kazi vya mwanamume vinaenda kwa mtoto wake wa kiume," Baba mdogo alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Nikamwambia kwamba Baba aliniachia mimi.

"Alikuachia lini?"

"Akiwa kitandani. Mama alikuwepo."

Wote walimgeukia Mama. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na akaendelea kukitazama. "Mgonjwa husema mambo mengi," akasema.

Baba mdogo akaniuliza kwa upole, "Umeolewa?"

"Bado."

"Basi utaolewa. Hizi vitu zitaenda kwa boma ya nani?"

Nilikuwa na mvi tayari. Hakuna aliyecheka. Kaka yangu akasema ataviweka tu kwa ajili ya kumbukumbu, na siku iliyofuata sanduku likapakiwa kwenye pikapu yake, pamoja na benchi la kazi, likaenda Maua. Niliuliza kama naweza kubaki na patasi moja. Akasema tusianze kugawa vipande vipande, vikae pamoja.

Nilirudi Majimbo nikiwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka, nikaamua kuanza upya. Nyuma ya nyumba niliyopanga kulikuwa na stoo ndogo ya kuwekea makaa. Mwenye nyumba, mama mmoja mstaafu, akanikubalia kuitumia mradi nisichafue nguo za wapangaji wengine. Hilo peke yake lilinifundisha kazi: kupiga msasa asubuhi kabla ya watu kufua, kulowesha sakafu kidogo ili vumbi lisiruke, kufunga kitambaa puani, maana vumbi la msasa hulioni likiingia kifuani lakini utalisikia likitoka. Jirani mmoja, mfanyakazi wa benki, alikuwa akisimama mlangoni na kuniuliza kama sina pesa za kununua meza iliyokamilika. Nilimjibu ninazo. Akazidi kushangaa.

Nilinunua vifaa vipya dukani, na hapa nataka kumwonya yeyote anayeanzia nilipoanzia. Randa ya bei rahisi inauzwa ikiwa haijakamilika. Inang'aa, ina rangi nzuri, lakini tumbo lake halijanyooka na kisu chake hakijanolewa, kimekatwa tu kiwandani. Ukiiweka kwenye mbao siku hiyo hiyo utadhani wewe ndiye huna mkono. Bandika msasa mgumu juu ya kioo kinene, chora tumbo la randa kwa penseli, kisha lisugue juu ya msasa mpaka alama zote za penseli zifutike sawasawa. Noa kisu, nyuma kwanza. Halafu kile kibati kinachokaa juu ya kisu, kisukume karibu kabisa na ncha, kwa sababu ndicho kinachouvunja unyoya kabla haujang'oka na nyama ya ubao. Nilifanya yote hayo. Ikawa randa ya kutumika, si zaidi. Chuma cha kisu kilikuwa laini, kilipoteza makali ubao mmoja ukiwa haujaisha.

Hata hivyo nilitengeneza vitu. Stuli, rafu ya vyombo, kabati dogo la mwenye nyumba ambalo lilifanya malalamiko yapungue. Kisha Mama akanipigia simu. Mlango wa jikoni kwake, ule Baba alioutengeneza nilipokuwa mtoto, ulikuwa umeoza chini kwa mvua na mchwa.

"Kaka yako nimemwambia, anasema atakuja," Mama alisema. "Hajakuja."

"Nitakutengenezea mimi."

"Wewe si una kazi ya ofisi?"

"Nitautengeneza, Mama."

Nilitafuta mbao za muringa. Muuza mbao aliniapia kwamba mbao zake zimekauka. Niliinua ubao mmoja, ukawa mzito kuliko ulivyopaswa kuwa. Niliuweka shavuni, ukawa na ubaridi wa kitu chenye maji. Nilizinunua hivyo hivyo, kwa sababu zote zilikuwa hivyo, nikazipaka rangi kwenye ncha zisipasuke, nikazipanga stoo zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite, nikaweka mawe juu. Wengi huanika mbao mbichi juani ili wawahi, na jua huzipinda kama ganda la ndizi. Nilisubiri. Mvua za masika zilikuja zikaisha, Mama akanipigia mara mbili, na mimi nikasubiri.

Zilipokauka nikaanza, na randa yangu ikanishinda. Muringa una nyuzi zinazobadilisha mwelekeo katikati ya ubao, mahali fulani zinakwenda huku, mbele kidogo zinarudi. Randa yenye kisu laini inaruka pale na kung'oa vipande. Niligeuza ubao, nikanoa tena, nikapunguza kisu mpaka kikawa karibu hakigusi. Bado. Nilijua kifaa ambacho kingepita hapo bila shida. Jumamosi nikapanda gari kwenda Maua.

Kaka yangu ana nyumba kubwa ya mawe na geti jeusi. Mke wake alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai, na nilipouliza kuhusu sanduku akanielekeza nyuma, kwenye banda ambalo wafanyakazi hufungia miraa. Kaka yangu alikuwa bado barabarani.

Sanduku lilikuwa halina kifuniko. Msumeno wa Baba, ule aliokuwa akiutengeneza meno yake kwa tupa ya pembe tatu, jino moja kulia na jino moja kushoto, ulikuwa umetumika kukata matawi mabichi. Ulikuwa na kutu na utomvu, na meno kadhaa yalikuwa yamevunjika. Patasi zilikuwa zimegongwa kwa nyundo ya chuma badala ya ile ya mbao, mishikio yake ikafumuka kama mswaki wa mti. Moja ilikuwa imetumiwa kukazia skurubu, ncha yake ikapinda. Benchi lilikuwa limekuwa meza ya kufungia marobota, limejaa visu na majani ya migomba.

Randa niliikuta kwenye kona nje, karibu na tofali. Mtu alikuwa ameitumia kukwangulia saruji iliyokauka. Mshikio ulikuwa umepasuka katikati. Niliigeuza. Tumbo lake lilikuwa na mikwaruzo mirefu na saruji ilikuwa imeganda mdomoni.

Niliketi pale kwenye tofali nikaanza kuikwangua saruji kwa ukucha. Sikulia. Nilikuwa nikihesabu ni nini kinaweza kuokolewa. Kutu inatoka ukiiloweka na kuisugua. Mshikio unaweza kuchongwa mwingine. Mikwaruzo ingetoka kwa msasa na uvumilivu. Kisu kilikuwa kimepigwa mapengo, lakini chuma chake kilikuwa kile kile cha zamani, kingenolewa kikawa kifupi kidogo na kikafanya kazi.

Kaka yangu alifika akanikuta hapo hapo.

"Nimekuja kuomba randa," nikamwambia. "Kwa kazi ya mlango wa Mama. Nitairekebisha."

Aliitazama mkononi mwangu kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Hiyo? Hiyo imeharibika."

"Ndiyo maana nakuomba. Wewe huitumii."

"Nitakununulia mpya. Kuna za kisasa za stima."

"Sitaki mpya. Nataka hii."

Akavua kofia, akaivaa tena. Nilidhani anatafuta namna ya kukubali bila kuonekana ameshindwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu wafanyakazi walikuwa karibu, "Mimi si mjinga. Leo utachukua randa. Utasema Baba alikuachia. Kesho utasema alikuachia shamba."

Naapa nilikuwa sijalifikiria shamba. Nilikuwa na mshahara wangu, nyumba yangu ya kupanga, na stoo yangu ya makaa. Ule muda wote, sebuleni kwetu, wakati mimi nilikuwa nikifikiria patasi, wao walikuwa wakifikiria mipaka. Mama akitazama kikombe alikuwa akifikiria mipaka.

"Shamba nimelitaja mimi au wewe?" nikamuuliza.

"Weka hiyo chini," akasema.

Niliiweka juu ya tofali. Mke wake alinifuata mpaka getini akiwa na mfuko wa ndizi, akanisihi nisiondoke na hasira. Hasira yangu haikuwa yake, lakini ndizi sikuzichukua.

Mlango niliumaliza kwa randa yangu mbaya. Pale nyuzi zilipogeuka nilitumia kipande cha bati nilichokinoa ukingo, nikakwangua kidogo kidogo mpaka ukawa laini, mchana mzima kwa ubao mmoja. Niliziunganisha mbao kwa ulimi na mfereji, ulimi wa ubao mmoja ukiingia katika mfereji wa mwingine, bila kuzibana sana, ili zikivimba wakati wa mvua ziwe na pa kwenda. Nyuma nikaweka vibao vitatu vya kulala na mishazari miwili. Mshazari unaanzia chini upande wa bawaba na kupanda kwenda upande wa komeo. Mafundi wengi huugeuza, na mlango unaning'inia mwaka haujaisha. Gundi niliihifadhi ndani ya nyumba, kwa sababu ilikuwa majira ya baridi na gundi iliyoshikwa na baridi hukauka ikawa nyeupe kama chaki na haishiki chochote. Nilipaka mafuta ya kitani mara nyingi, hasa chini, pale maji yanaporukia.

Ulikuwa mlango mzuri. Sioni haya kusema hivyo. Mwenye nyumba alikuja kuutazama akapitisha kiganja juu yake akasema, "Huu ni wa nani?" Nikamwambia ni wa mama yangu.

Nilikodi pikapu, tukaufunga kwa blanketi. Tulipofika Nchiru na kuzunguka nyuma ya nyumba, niliona jiko la Mama lina mlango wa chuma. Ulikuwa mpya, wa bluu, na simenti pembeni ya fremu ilikuwa bado ina rangi ya unyevu.

Mama alitoka akiwa anajifuta mikono. "Kaka yako alileta fundi wa kuchomelea wiki hii," akasema.

"Ulimwambia nakuja na huu?"

"Nilimwambia." Akautazama mlango wangu ukiwa bado juu ya gari, dereva akiwa ameshafungua blanketi upande mmoja. "Ni mzuri. Lakini wa chuma hauliwi na mchwa."

Nilitaka kumuuliza kuhusu ile jioni ya uji. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini dereva alikuwa akingoja, na Mama alikuwa na ule uso wa mtu aliyeshachagua mahali atakapozeekea na nani atamlipia hospitali. Tuliushusha mlango tukauegemeza kwenye ukuta wa zizi. Nilipokwenda tena baadaye ulikuwa umelazwa chini, mbuzi wamelala juu yake wasilowe na matope.

Jumatatu baada ya kuupeleka ule mlango, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda kumwona wakili mmoja pale Embu mjini. Alinisikiliza. Akaniambia sheria haiulizi kama mtoto wa marehemu ni wa kiume au wa kike, wala kama ameolewa. Akaniuliza ninataka nini. Nikasema nataka sehemu yangu ya shamba. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu kwa urahisi ulionishangaza, kana kwamba kaka yangu alikuwa ameniwekea mdomoni pale Maua na mimi nilikuwa nikiyatoa tu.

Kesi ilikwenda ikirudi, kama kesi za mashamba zinavyokwenda. Baba mdogo alinipigia simu kuniambia ninamwaibisha ndugu yake kaburini. Kaka yangu aliacha kupokea simu zangu. Mahakama iliamua nipewe sehemu yangu, na siku ikaja ya mpimaji kuja kuweka mawe ya mipaka.

Kaka yangu alisimama upande wa majani chai, mikono mfukoni. Mpimaji alivuta kamba yake, akapiga vigingi, akaniita nione. Nilipewa kipande cha chini, kwenye mteremko, chenye nyasi za nepia na miti michache ya mukima. Hakikuwa kizuri. Nilitia sahihi.

Mama alitoka na thamosi na vikombe. Akampa mpimaji, akampa msaidizi wake, akampa kaka yangu. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanimiminia, akanipa kikombe bila kunitazama.

"Kina sukari," akasema. Akageuka, akapanda kurudi nyumbani.

Kile kipande sijakijenga na sijakiuza. Mama bado hukata nepia pale kwa ajili ya ng'ombe wake, kila asubuhi, ndani ya mawe yangu. Sijamwambia aache. Naye hajaniomba ruhusa.